Bowa za mvua: ile ya kula, ile ya kuua, na namna ya kuzitenganisha

Mvua ikianza kukamata nguvu, mwezi wa 11 na wa 12, mutu anayetoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi ao ya Kasumbalesa anaanza kuona bamama na batoto wamesimama pembeni ya njia na mabeseni. Ndani muko bowa: za manjano, nyeupe, za rangi ya udongo, na mara moja moja ile kubwa sana ambayo mutoto anaishika juu ya kichwa sawa mwamvuli. Hii inaendelea hadi mwezi wa 3, wa 4, wakati mvua inapunguka na baridi ya asubuhi inaanza kurudi. Ndugu zetu wa Kivu na wa Tanganyika wanaita kitu hiki uyoga. Sisi huku tunasema bowa, na katika habari hii tutabaki na bowa.

Kila musimu kuna watu wanaokula bowa mbaya. Wengi wanatapika, wanapona, wanacheka kisha. Lakini kuna bowa ambayo haisamehe, na inafanana sana na ile tunayoipenda. Ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu, na wewe usiusome sawa ruhusa ya kwenda porini peke yako. Picha na maneno vinasaidia, lakini bowa inajifunza na macho, na pua, na vidole, pembeni ya mutu anayeijua kwa miaka.

Tuanze na ile yenye watu wengi wanaikosea mu mji.

Bowa za nswa. Kila mutu wa Katanga anajua nswa, wale wadudu wenye mabawa wanaotoka udongoni kisha mvua za kwanza na tunawakaanga. Ndani ya kichuguu chao, mchwa wanalima shamba. Wanaleta majani na miti iliyokauka, na juu yake wanakomesha bowa ambayo ndiyo chakula chao. Mvua ikilowesha udongo vizuri, shamba lile linatoa kichwa inje, na hicho kichwa ndicho tunakula. Wataalamu wanaita jamaa hii *Termitomyces*. Iko kubwa na ndogo. Ndogo sana inaota kwa mamia kwa pamoja, nyeupe, sawa mutu amemwaga kitu chini. Kubwa kuliko zote, ambayo Wabemba wanaiita chikolowa, inaweza kupata kofia ya karibu metre 1 kwa upana. Wataalamu waliipa jina la kisayansi, *Termitomyces titanicus*, katika mwaka 1980 tu, kutokea Zambia, wakati bakambo zetu walikuwa wanaipika tangu zamani bila kuuliza mutu.

Sasa mwenzake mbaya. Mu malupango makubwa yenye majani ya kukata, sawa kule Makutano ao Gambela, na pembeni ya viwanja vya mupira, inaota bowa nyeupe kubwa, nzuri kwa macho, yenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye shina. Mara nyingi zinajipanga duara. Jina lake ni *Chlorophyllum molybdites*, na katika inchi za joto ni mojawapo ya bowa zinazotapisha watu wengi zaidi duniani. Mutoto anaiona, anakimbia kuileta jikoni, mama anafikiri ni ya nswa. Saa 1 hadi 3 kisha kula, tumbo linakata, kutapika na kuharisha havisimami. Mutu mukubwa mwenye afya anapona kwa kawaida. Mutoto mudogo anaweza kukaukiwa maji vibaya sana.

Namna ya kuzitenganisha? Usiangalie kofia tu. Geuza bowa, angalia chini. Kule kuna vitu vyembamba vimepangwa sawa kurasa za kitabu; tutaviita kurasa. Kurasa za hii mbaya zinakuwa nyeupe wakati iko kijana (hapo ndipo hatari), lakini ikizeeka zinaanza kuwa za kijani. Bowa ya nswa haipate kijani. Kurasa zake zinabaki nyeupe na kisha zinaenda kwenye rangi ya pinki. Kama hauna hakika, kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe, ifunike na kikombe, iache usiku kucha. Asubuhi kuna unga umeanguka. Unga wa pinki ni wa jamaa ya nswa. Unga wa kijani, tupa yote, na usafishe meza.

Tena chimba. Usikate bowa ya nswa juu juu. Chukua kisu ao kijiti, fuata shina chini. Shina lake linaendelea sawa muzizi murefu, linashuka hadi kwenye nyumba ya mchwa. Ile ya majani ya lupango haina muzizi huo, inaishia pale pale. Lakini bowa zile ndogo-ndogo muzizi wake unaweza kukatika haraka, kwa hiyo alama hii haitoshi peke yake. Hakuna alama moja inayotosha peke yake. Hapo ndipo watu wengi wanajidanganya.

Tente ni hadithi ingine kabisa. Hii ni bowa ya miombo, jina lake la kisayansi ni *Amanita loosii* (vitabu vya zamani vinaandika *Amanita zambiana*), na watu wa Haut-Katanga na wa Zambia wanaipenda sana. Kofia ni nyeupe kwenda kwenye rangi ya maziwa, katikati inaweza kuwa ya kahawia, kurasa nyeupe, na chini ya shina iko ndani ya mufuko mweupe, sawa yai lililopasuka. Shida ni kwamba jamaa ya *Amanita* ndiyo ile ile yenye bowa zinazoua watu wengi kuliko zingine zote duniani. Na hizo zinazoua ziko na mufuko chini, ziko na kurasa nyeupe, ziko na pete. Ulaya wanafundisha watoto kanuni moja: bowa yenye mufuko na pete, iache. Kwetu kanuni hiyo ingetuondolea tente mezani, na hakuna mama atakayeikubali. Kwa hiyo sisi tuko na kazi ngumu kuwapita.

Mawazo yangu mimi, na niko tayari kugombana juu yake: mutu anayeanza asiokote tente kabisa. Anunue kwa mama anayejulikana, mwenye kuuza kila mwaka pahali pamoja. Na asikubali kamwe tente changa ambayo bado iko ndani ya yai lake, juu kwa umri huo hata mutaalamu anaweza kuchanganya.

Muuaji mukubwa wa dunia anaitwa *Amanita phalloides*. Kwake ni Ulaya, chini ya miti ya kule, lakini imesafiri na miti ya kupandwa hadi inchi zingine, hata Afrika Kusini. Kofia moja inaweza kutosha kuua mutu mukubwa. Haina uchungu, wale walioikula na kupona wanasema ilikuwa tamu. Moto hauiharibu, kuikausha hakuiharibu, kumwaga maji ya kwanza hakuiharibu. Kwa hiyo ukiona bowa chini ya mti wa kigeni uliopandwa, usiihukumu na mazoea ya miombo.

Hili neno la kusafiri linatugusa. Mwaka 2015 Ujerumani, wakimbizi kutoka Siria walikula *phalloides* kwa sababu ilifanana na bowa nzuri ya kwao, na hopitali za kule zilipaswa kuandika matangazo katika Kiarabu. Mwaka 2021 Poland, batoto wawili wa familia ya Afganistani, waliotoka tu kukimbia vita, walikufa kisha kula bowa zilizookotwa karibu na kituo walimofikia. Wazazi hawakuwa wajinga. Walijua bowa, lakini walijua za kwao. Lubumbashi leo iko na watu wengi waliokuja kutoka Kivu, Kasai na Tanganyika. Kama wewe ni mugeni hapa, ujuzi uliopewa na kambo wako ni wa kweli kule kwenu. Huku uliza kwanza.

Chitondo ni rahisi zaidi. Ni zile za manjano ao rangi ya machungwa, jamaa ya *Cantharellus*, ambazo Wazungu wanalipa bei kali kwao. Zinaota juu ya udongo, chini ya muputu, mutondo na musuku. Ukiigeuza, hauone kurasa za kweli bali mikunjo, sawa ngozi ya shingo ya muzee, inayoteremka hadi kwenye shina, na haiwezi kutengana na nyama. Bowa yoyote ya machungwa inayoota kwa kikundi juu ya gogo ao kisiki, na kurasa nyembamba zinazopasuka na kucha, hiyo si chitondo. Iache pale.

Kabansa (*Lactarius kabansus*) iko katika jamaa ya bowa za maziwa: ukiikwaruza inatoa utomvu mweupe. Katika jamaa hiyo kuna tamu na kuna zenye kuwasha ulimi. Bamama wanazichemsha na kumwaga maji, na wako na haki. Kwa ujumla usikule bowa ya porini mbichi, hata ile unayoijua.

Kuna mambo watu wanaamini, na yote ni ya uongo. Kutia kijiko cha feza ao kitunguu ndani ya sufuria na kuangalia kama vitageuka rangi: *phalloides* haigeuze kitu. Kuona kama konokono ao funza wamekula: wao wanaweza kula kitu kinachoua mutu. Kumupa mbwa kwanza na kungoja saa 1: sumu mbaya zaidi haionekane mbele ya saa 6. Na ile ya kusema bowa ikiota juu ya kichuguu basi ni nzuri: karibu ni kweli, lakini kichuguu ni udongo sawa udongo mwingine, na bowa ingine inaweza kuota pale.

Bowa zilizokaushwa ni jambo la pekee. Katika soko la Kenya ao soko Mzee Kabila utazipata mwaka muzima. Zikikauka, pete, mufuko na rangi vinapotea, hata mutaalamu hawezi kusema mengi. Pale unanunua uaminifu wa muuzaji, si bowa.

Pahali pa kuokota pana maana pia. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa ile cheminée ulipeperushwa upande wa Penga-Penga. Bowa inanyonya vyuma kutoka udongoni, kadmiamu na risasi vikiwa ndani. Kuosha kunaondoa vumbi tu, hakuondoe chuma kilichoingia katika nyama. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi sana katika mikojo. Hatuna haja ya kuongeza kupitia sahani. Karibu na kiwanda, karibu na lundo la takataka za mgodi, pembeni kabisa ya barabara ya malori: usiokote hapo, hata kama ni chitondo safi.

Wazee wanalalamika kwamba bowa zimepunguka. Chitondo, tente na kabansa zinaishi zimeunganishwa na mizizi ya miti ya miombo. Mti unazipa sukari, zenyewe zinaleta maji na chumvi za udongo. Mti ukikatwa kwa makala, bowa hizo zinakufa nao. Za nswa zinaweza kubaki, juu zinahitaji mchwa kwanza. Ndiyo maana kandokando ya mji bado unapata za nswa, lakini chitondo inatoka mbali zaidi kila mwaka. Mwenye kutaka kusoma zaidi, kuna kitabu cha Kifaransa cha André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef, *Champignons comestibles du Haut-Katanga*, cha mwaka 2017. Kinapatikana bure kwenye intaneti, na picha ni nzuri sana.

Na kama mambo yameharibika? Angalia saa. Kutapika kunakoanza haraka, ndani ya saa 3, mara nyingi si kule kwa kuua. Kunakoanza kisha saa 6, 12 ao zaidi, ni hatari kubwa. Na hapa kuna mutego: siku ya pili mugonjwa anaweza kujisikia muzuri, anakula bukari, familia inashukuru Mungu na kubaki nyumbani. Wakati huo ini linakufa pole pole. Siku ya tatu macho yanakuwa ya manjano, na munganga hana tena nafasi kubwa. Kwa hiyo mutu aliyetapika kisha saa nyingi aende hopitali hata kama tumbo limetulia, na wote waliokula sufuria moja waende naye, hata wale hawasikie kitu, batoto mbele. Usimupe maziwa, wala mafuta, wala makala ya kusaga ya jikoni. Maji kidogo kidogo tu, mu njia. Chukua bowa iliyobaki, mbichi ao iliyopikwa, hata maganda yaliyotupwa, funga ndani ya karatasi na si ndani ya saché, juu ndani ya saché inaoza haraka, na umupe munganga. Umwambie ilikulwa saa ngapi na kutapika kulianza saa ngapi.