Mabomu Ng'ambo ya Ruvuma

Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma na ardhi ya Msumbiji. Baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuanza vita dhidi ya ukoloni wa Ureno tarehe 25 Septemba 1964, ndege za Ureno zilivipiga mabomu vijiji vya Wamakonde wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, yakiwamo mabomu ya moto ya napalm. Maelfu ya watu walivuka mto wakapokelewa Tanzania. Vijiji vya mpakani mkoani Mtwara navyo vilishambuliwa.

Baadaye, mwaka 1977, Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva ilipiga marufuku kuwashambulia raia, na ikavijumuisha vita vya ukombozi kama hivyo. Kijiji kinachowapa wapiganaji chakula hakigeuki kambi ya jeshi. Mama, mtoto na mzee wanabaki raia, na kuwaua kwa makusudi ni uhalifu, awe nani mrusha bomu.