Kwa nini utafiti wa muhogo unalipiwa na kodi?

Chipsi dume za Mbagala au Tandale zinatoka shambani, ila kuna kazi ya kuulinda muhogo huo inayofanyika hapahapa mjini: kituo cha Mikocheni, Kinondoni, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Wataalamu wanapambana na magonjwa mawili ya virusi. Batobato inakunja majani. Michirizi ya kahawia, iliyoripotiwa Tanganyika tangu miaka ya 1930, inaozesha mizizi. Majani yanaweza kuonekana poa tu, mkulima akashtukia wakati wa kuvuna.

Kwa nini Serikali ilipie? Mkulima wa muhogo hanunui mbegu kila msimu. Anakata pingili shambani kwake au kwa jirani, anapanda. Kampuni ya mbegu haioni faida kubwa hapo, na pingili hizohizo husambaza ugonjwa, sawa na nzi weupe.

Fedha zinatoka bajeti ya Serikali, nyingine kupitia COSTECH, Kijitonyama, na wafadhili wanachangia. Zikichelewa, mvua haisubiri: jaribio lililokosa msimu hungoja msimu mwingine, na mkulima hungoja nalo.