Wimbo wa Salamu Umetoka Mbali

Ndugu zetu, sisi tunaojitolea chekechea hapa Nyarugusu tunaulizwa na wazazi swali lile lile: "Watoto kila asubuhi ni kuimba salamu tu, wataandika lini?" Swali ni la haki. Mzazi aliyekimbia vita anataka mtoto asome, siyo acheze. Lakini jibu liko kwenye historia, na mmoja wa walioanza kulitoa alikuwa mkimbizi kama sisi.

Anaitwa Jan Amos Comenius. Alizaliwa 1592 huko Moravia, leo ni ndani ya Jamhuri ya Cheki. Vita na amri za kulipinga kanisa lake zilimtoa kwao, na mwaka 1628 akavuka mpaka mpaka Leszno, Poland. Huko ukimbizini akaandika kitabu kuhusu miaka sita ya kwanza ya mtoto. Kwake yeye shule ya kwanza ni mama: mtoto aimbiwe tangu mchanga, afundishwe kutamka vizuri, kusalimia, kushukuru. Mwaka 1656 mji wa Leszno ukachomwa moto, na maandishi yake mengi yakateketea, pamoja na kamusi aliyoihangaikia zaidi ya miaka 40. Miaka miwili tu baadaye akatoa kitabu cha picha ambacho herufi zinaanza na sauti za wanyama, kunguru analia "a". Yaani mtu ameunguliwa na kila kitu, bado anawaza mtoto atatamkaje "a"!

Turuke hadi Uskoti, 1816. Mwenye kiwanda Robert Owen alifungua shule ya watoto wadogo wa wafanyakazi pale New Lanark. Walimu wake wa kwanza walikuwa James Buchanan, mfuma nguo, na Molly Young, binti wa miaka 17. Elimu yao ilikuwa ndogo sana. Owen aliwataka kwa sababu walipenda watoto na walikuwa na subira, na aliwakataza kupiga. Kuimba na kucheza ngoma kulikuwa somo. Sisi wenye cheti cha sekondari tu, tukifika hapo tunapumua.

Halafu Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeipa chekechea jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, akatoa 1844 kitabu cha nyimbo za mama na mtoto, zenye michezo ya vidole. Serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo 1851, ikaruhusu tena 1860. Eti serikali nzima inaogopa watoto wanaoimba.

Sasa turudi darasani. Watoto wetu nyumbani wanaongea Kibembe, Kifuliiru au Kiswahili chetu cha Kongo. Wimbo unauliza, mtoto anajibu. Jina lake tunalipigia makofi kipande kwa kipande: A-ma-ni, makofi matatu. Siku atakapoona herufi ubaoni, sikio lake limeshajua kwamba neno lina vipande, na kusoma kunaanzia hapo, kabla ya kalamu. Anayezoea kusema "jina yangu" anasikia "jina langu" kila asubuhi bila mtu kumcheka. Shikamoo ina mwenyewe na marahaba ina mwenyewe. Wimbo unamwonyesha lini aseme ipi. Na yupo yule asiyesema kabisa. Huyo hatumlazimishi. Anapunga mkono, wenzake wanaliimba jina lake, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka siku moja midomo inasogea.

Tusichokubali ni wimbo mmoja mwaka mzima, watoto wanakariri kama kasuku na mwalimu yuko kwenye simu. Maneno yabadilike: leo mvua, kesho mgeni, na salamu ya lugha ya nyumbani iingie pia, maana mtoto akisikia ya kwao anathubutu kujibu na ya wengine.

Nyinyi wa Kakuma na Nakivale, asubuhi mnaanza na salamu ya lugha gani? Tuandikieni maneno yake hapa chini, tujaribu Jumatatu.