Kumbukumbu Iliyofungua Mlango

Leo tutembee pamoja katika mji mdogo wa Ufaransa uitwao Le Chambon-sur-Lignon. Ni mji wa wakazi wapatao 2,500 tu. Umejengwa kando ya mto Lignon, juu ya uwanda wa milimani ulioinuka karibu meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hauna jumba la mfalme wala ngome ya kustaajabisha. Hata hivyo watu wa nchi nyingi huja kuutazama, na tukipita katika barabara na njia zake tutaona sababu.

Tuanzie penye stesheni. Reli ya mahali hapa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ilikuwa ya upana wa meta 1, upana ule ule wa reli yetu ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Safari zake za kawaida zilikoma mwaka wa 1968, na siku hizi ni garimoshi la watalii linalopita katika sehemu ya njia hiyo. Lakini kati ya 1940 na 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wengi walioshuka hapa hawakuja kupumzika. Walikuwa wakimbizi, na wengi wao walikuwa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa na Wanazi na wasaidizi wao. Walishuka na mkoba mmoja mkononi, hawana jamaa wala rafiki katika mji huo. Nao walipokelewa. Swali letu la leo ndilo hili: kwa nini walipokelewa hapa, wakati milango mingi mahali pengine ilikuwa imefungwa?

Hebu tuteremke mpaka kwenye nyumba ya ibada ya Waprotestanti. Wao hawaiiti kanisa, huiita hekalu. Ndiyo desturi ya Waprotestanti wa Ufaransa tangu zamani. Ni jengo la mawe lisilo na mapambo mengi. Juu ya mlango wake yamechongwa maneno machache tu, yale ya Bwana Yesu akiwaamuru wanafunzi wake wapendane. Kila mtu aingiaye hupita chini ya amri hiyo, na kila atokaye huichukua kwenda nayo barabarani.

Watu wa uwanda huu waliipokea imani ya Matengenezo katika karne ya 16. Mwaka wa 1598 Mfalme Henri wa Nne alitoa amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Lakini mwaka wa 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta. Mahekalu yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 tu za kuondoka nchini, na waumini wao wakakatazwa kuwafuata. Wanaume waliokamatwa wakiabudu walipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme, na wanawake wakatiwa gerezani. Hata hivyo watu wapatao 200,000 walitoroka wakaenda Uholanzi, Uingereza, Uswisi, Ujerumani, na wengine wakafika hata Afrika Kusini. Waliobaki walikutana kwa siri misituni na mabondeni. Miaka hiyo waliiita Jangwa, wakiwakumbuka wana wa Israeli. Ilikuwa mwaka wa 1787 serikali ilipowatambua tena mbele ya sheria. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: zaidi ya miaka 100 ya kujificha.

Sasa tutoke mjini tufuate njia za miguu. Zipo nyingi, nazo huunganisha vijiji vidogo na nyumba za wakulima zilizotawanyika. Mtu hupita kati ya misonobari na malisho ya ng'ombe, akiona mbele yake kilima cha Lizieux chenye meta 1,388, na mbali zaidi mlima Mézenc wenye meta 1,753. Upande ule ule kuna kilima cha Gerbier-de-Jonc, chimbuko la Loire, mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa. Wakati wa kiangazi nchi hii ni ya kupendeza. Wakati wa baridi huvuma upepo wenyeji wanaouita burle, unaopeperusha theluji na kuziba njia. Ndiyo sababu nyumba za wakulima zina kuta nene za mawe na mapaa mazito. Katika nyumba kama hizo watu huketi pamoja usiku, wazee wakasimulia, na watoto wakasikiliza habari za babu zao walioabudu gizani.

Lakini kusimulia peke yake hakutoshi. Watu wengi duniani hukumbuka mateso ya wazee wao, na kumbukumbu hiyo huwafanya wachungu tu. Hapa kulikuwa na jambo la pili. Mwaka wa 1893 mchungaji mmoja wa mji wa viwanda wa Saint-Étienne, jina lake Louis Comte, alianza kuwapeleka watoto wa wafanyakazi maskini huko milimani wapate hewa safi na chakula. Wakulima waliwapokea nyumbani. Miaka ikapita, na kila kiangazi watoto wa watu wengine walilala chini ya mapaa yale. Hivyo vita vilipokuja, uwanda huu ulikuwa tayari una nyumba za wageni, makao ya watoto, na zaidi ya yote, watu waliozoea kuongeza sahani moja mezani.

Mwaka wa 1934 mchungaji André Trocmé na mkewe Magda walifika Le Chambon. Mwaka wa 1938 yeye na mchungaji mwenzake Édouard Theis walianzisha shule ya sekondari. Kisha Juni 1940 Ufaransa ikashindwa na Ujerumani. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi tarehe 22, siku ya Jumamosi. Kesho yake, Jumapili, wachungaji hao wawili waliwaambia waumini kwamba ni wajibu wa Mkristo kupinga udhalimu kwa silaha za Roho, bila chuki na bila woga.

Mahubiri huisha, wapendwa, lakini kuishi kwa mahubiri hayo ndiko kazi. Julai 1942 polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 katika mji wa Paris na vitongoji vyake. Agosti katibu mkuu wa mambo ya vijana wa serikali ya Vichy alikuja Le Chambon. Wanafunzi wa shule ile wakamkabidhi barua. Walisema kwamba miongoni mwao wamo Wayahudi, kwamba wao hawabagui, na kwamba wenzao wakiamriwa kukamatwa, watawaficha. Trocmé naye alipotakiwa kutoa majina alikataa. Alijibu kwamba yeye hajui habari za Wayahudi, anajua watu tu. Baadaye mwezi ule ule polisi walikuja na mabasi. Walipekua nyumba na mashamba kwa siku kadhaa, wakaondoka na watu wachache mno. Wengine wote walikuwa wamekwisha kupita njia zile tulizotembea, wakaingia msituni na katika nyumba za wakulima.

Usidhani ilikuwa kazi ya mchungaji mmoja. Wachungaji wa vijiji jirani walisaidia, na Wakatoliki walisaidia. Walikuwapo Wadarby, watu wa Biblia wasiopenda maneno mengi, walioficha wageni bila kuuliza. Wafadhili wa Uswisi, Wakweka wa Marekani na shirika la Cimade walitunza makao ya watoto. Wengine walitengeneza vitambulisho vya uongo na kadi za mgao wa chakula, na wengine waliwaongoza wakimbizi mpaka mpaka wa Uswisi. Jambo la karatasi za uongo liliwasumbua baadhi yao, Trocmé mwenyewe akiwamo, kwa maana walikuwa watu wa kusema kweli. Lakini waliona kwamba kumtoa mtu afe ni dhambi kubwa zaidi.

Nayo gharama ilikuja. Februari 1943 Trocmé, Theis na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikamatwa wakawekwa kambini karibu na mji wa Limoges. Baada ya kama mwezi mmoja waliambiwa watafunguliwa wakitia sahihi kwamba watamtii mkuu wa serikali. Wachungaji wawili wakakataa, wakarudishwa ndani. Kesho yake wakaachiliwa hata hivyo. Wengine hawakurudi. Tarehe 29 Juni 1943 polisi wa Kijerumani walivamia bweni la wanafunzi liitwalo Maison des Roches, wakawachukua wanafunzi pamoja na mkuu wao Daniel Trocmé, jamaa ya mchungaji. Alifia katika kambi ya Majdanek Aprili 1944. Daktari wa mji, Roger Le Forestier, aliyekuwa amefanya kazi hapa Afrika katika hospitali ya Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gabon, alipigwa risasi na Wajerumani karibu na Lyon tarehe 20 Agosti 1944, siku chache tu kabla ya mji huo kukombolewa.

Katika miaka hiyo Wayahudi wapatao 76,000 walichukuliwa kutoka Ufaransa kupelekwa kwenye kambi za mauti. Lakini huku uwandani maelfu ya wakimbizi walipata kimbilio. Wengine hutaja watu 5,000, na watafiti wengine hutaja idadi ndogo zaidi. Daftari halikuwekwa, kwa sababu jina lililoandikwa lingeweza kumwua mtu.

Turudi sasa mjini. Mkabala wa hekalu kuna kibao kilichowekwa mwaka wa 1979 na Wayahudi waliookolewa, kuwashukuru wenyeji. Mwaka wa 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu iliwaheshimu watu wote wa Le Chambon na vijiji jirani, jambo lisilo la kawaida, kwa maana heshima hiyo hupewa mtu mmoja mmoja. Na mwaka wa 2013 ilifunguliwa nyumba ya kumbukumbu ambamo wageni huelezwa habari hizi. Wenyeji wengi walipoulizwa baadaye kwa nini walifanya hivyo, walilishangaa swali lenyewe. Mtu amebisha hodi, ungefanya nini?

Mpendwa msikilizaji, kila jamaa ina hadithi ya mateso. Pengine babu yako alinyang'anywa shamba. Pengine mama yako alikimbia usiku akiwa amekubeba mgongoni. Hadithi hiyo unaisimuliaje kwa watoto wako? Waweza kuisimulia hata wajue ni nani wa kuchukiwa. Au waweza kuisimulia kama Musa alivyowaambia Israeli katika Kumbukumbu la Torati: mpendeni mgeni, kwa kuwa ninyi pia mlikuwa wageni Misri. Kumbukumbu ni ile ile. Njia ni mbili.

Tena tusingoje siku ya hatari kubwa ndipo tujifunze ukarimu. Watu wa Le Chambon walijifunza miaka karibu 50 kwa watoto wa wafanyakazi, kwa sahani moja na kitanda kimoja. Saa ya kujaribiwa ilipofika, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea kufungua mlango. Leo mtoto wa jirani mwenye njaa, mfanyakazi aliyetoka kabila jingine, mpangaji mpya asiyejua lugha yenu, hao ndio shule yetu.

Tuombe. Ee Baba, uliyewalinda watu wako jangwani, utakase kumbukumbu zetu zisizae uchungu. Utufundishe katika mambo madogo, ili mgeni abishapo hodi, atukute tumezoea kusema, Karibu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.