Wajina Wawili: Yohana wa 23 na Yohana wa 23



Katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka twasoma habari za mtoto aliyewatatanisha jamaa zake akiwa wa siku nane tu. Jirani na jamaa walitaka aitwe Zakaria, kwa jina la baba yake. Mama akakataa. Wakamwashiria baba, naye kwa kuwa alikuwa bubu akataka kibao, akaandika ya kwamba jina la mtoto ni Yohana. Wote wakastaajabu, maana katika ukoo ule hapakuwa na mtu wa jina hilo. Sisi wa hapa kwetu twaelewa kustaajabu kwao. Mkikuyu akipata mwana wa kwanza humwita kwa jina la babu yake mzaa baba, na hapo hapana mjadala. Mtoto hupokea jina ambalo mtu mwingine amekwisha kulibeba, kwa heshima au kwa aibu.

Leo twataka kulifuata jina hilo la Yohana mpaka mahali ambapo pengine hamkututazamia, yaani katika orodha ya Mapapa wa Roma.

Zamani Mapapa walitumia majina yao wenyewe. Mwaka 533 alichaguliwa padre mmoja aliyeitwa Mercurius, nalo ni jina la mungu wa kipagani wa Warumi. Aliona haifai askofu kuitwa hivyo, akajiita Yohana, wa pili wa jina hilo. Tangu karibu na mwaka 1000 kubadili jina kukawa desturi, na jina la Yohana likapendwa kuliko yote. Lakini hesabu yake imevurugika. Namba zimefika 23, na Mapapa wanaokubaliwa ni 21 tu. Yule wa 16 aliwekwa mwaka 997 ili kumpinga Papa aliyekuwapo. Wa 20 hakupata kuwapo kamwe; wenye kuhesabu walikosea, na Mreno aliyechaguliwa mwaka 1276 akajiita wa 21. Maskini, mwaka uliofuata dari ya chumba chake huko Viterbo ilimwangukia akafa.

Lakini habari iliyotufanya tushike kalamu ni ya wale wawili walioitwa Yohana wa 23.

Tangu mwaka 1378 Kanisa la magharibi lilikuwa na Mapapa wawili, mmoja Roma na mmoja Avignon, kila mmoja akimlaani mwenzake. Mwaka 1409 makadinali walikutana Pisa ili kuliponya jeraha hilo, wakamchagua mwingine. Wale wawili wakakataa kuondoka, basi wakawa watatu! Huyo wa Pisa alipokufa mwaka 1410, mahali pake pakachukuliwa na Baldassare Cossa, aliyejiita Yohana wa 23. Alikuwa hodari wa vita na fedha kuliko wa madhabahu. Hata upadre aliupata siku moja tu kabla ya kutawazwa. Mwaka 1412 aliwatuma watu watangaze msamaha wa adhabu ya dhambi kwa wale watakaosaidia vita vyake juu ya mfalme wa Naples. Walipofika Prague, mhubiri Jan Hus aliwapinga waziwazi. Jambo hilo lilitukia miaka 105 kabla ya Martin Luther.

Mwaka 1414 baraza kuu likakutana Konstanz, ili kuondoa fitina ya Mapapa na kulitengeneza Kanisa. Hus alikwenda akiwa na barua ya mfalme Sigismund ya kumlinda njiani, lakini alikamatwa akafungwa. Cossa naye, alipoona mambo yanamgeukia, alitoroka mwezi wa Machi 1415 akiwa amejibadilisha mavazi. Alikamatwa, na tarehe 29 Mei baraza likamvua Upapa kwa mashtaka mengi mazito. Alifungwa katika ngome ya Gottlieben, ile ile ambamo Hus alikuwa amefungwa minyororo.

Hapa twapaswa kusema kweli, hata kama haitupendezi. Sisi Waprotestanti twapenda kusema kwamba Papa ndiye aliyemchoma Hus. Yohana alikuwa amekwisha kuondolewa, na yule wa Roma alijiuzulu tarehe 4 Julai. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Julai 1415, Hus alichomwa moto. Waliomhukumu ni maaskofu na wataalamu wa dini waliokuwa wakililia matengenezo ya Kanisa kwa bidii, na ambao walikuwa wamepata ushujaa wa kumwondoa Papa mbaya. Kama tungekuwa kule, tungeketi upande gani? Hatuna haraka ya kujibu.

Baada ya hapo jina la Yohana likaachwa. Lilikuwa jina la Mbatizaji na la Mtume, lakini kwa miaka 543 hapana Papa aliyelichukua.

Kisha tarehe 28 Oktoba 1958 akachaguliwa mzee wa miaka 76, Angelo Roncalli, mtoto wa wakulima maskini wa kijiji cha Sotto il Monte waliolima shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno. Alipoulizwa ataitwa nani alisema Yohana, kwa sababu ni jina la baba yake, na la kanisa dogo alimobatizwa. Hakutoa sababu kubwa kuliko hiyo kwanza: baba yake! Akachukua na namba ile ile 23, hivi ikaonekana ya kwamba Cossa hakuhesabiwa.

Wengi walidhani mzee huyu atakaa kimya mpaka afe. Mwaka 1960 alimfanya Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa kadinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi. Mwaka huo huo alimpokea Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, jambo ambalo halijatokea tangu Matengenezo. Tarehe 11 Oktoba 1962 alifungua baraza kuu huko Vatikano, na wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti wakakaribishwa kuketi na kusikiliza. Alikufa tarehe 3 Juni 1963, baraza likiwa halijamaliza kazi. Bado yako mafundisho mengi ya Roma tusiyoyakubali, na hatuyafichi. Lakini alilibeba jina ambalo wengine waliona ni mzigo, kama vile mtoto wa kwetu abebavyo jina la babu aliyeuacha ukoo na madeni.

Roncalli amelazwa katika kanisa la Petro Mtakatifu huko Roma. Cossa alifunguliwa, akanyenyekea kwa Papa mpya Martin wa 5, akarudishiwa ukadinali, akafa Florence mwaka 1419. Kaburi lake liko huko katika nyumba ya ubatizo, kazi nzuri ya mafundi Donatello na Michelozzo, na maandishi yake yasema ya kuwa zamani alikuwa Papa. Hus hana kaburi. Majivu yake yalimwagwa katika mto Rhine.