Safari ya ng'ambo kutafuta konea: Yampasayo mgonjwa wa Habaswein kuyajua

HABASWEIN, mji wa Kaunti ya Wajir ulio kando ya barabara itokayo Garissa kupitia Modogashe, ulipata jina lake kutokana na maneno mawili ya Kisomali yenye maana ya vumbi jingi. Jina hilo si la mapambo. Kiangazi kinapokaza, upepo huinua mchanga wa uwanda wa Lorian na kuumwaga majumbani, sokoni na machoni mwa watu na mifugo. Vumbi peke yake ni nadra kumpofusha mtu. Lakini vumbi, jua kali, nzi, miiba ya migunga na uhaba wa maji ya kunawia uso, vikikutana na kituo cha afya kilicho mbali, huzaa majeraha na maambukizi ambayo yasipotibiwa mapema huacha kovu kwenye konea.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa, wenye unene wa takriban nusu milimita katikati. Hauna mishipa ya damu. Ndiyo maana mwanga hupenya bila kizuizi. Kovu likitokea, mwanga huzuiwa na watu huona doa jeupe ambalo wengi huliita chamba. Miongoni mwa yanayolileta ni vikope (trakoma), surua inayompata mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, vidonda vya bakteria na kuvu baada ya kuchomwa na mwiba, na dawa za miti shamba zinazotiwa jichoni kwa nia njema. Kuna pia keratokonasi, maradhi ya vijana ambapo konea hukonda na kuchongoka kama pia. Mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha kila mara huyachochea, na watoto wa nchi kavu wanaijua vyema tabia hiyo.

Kabla ya familia kuuza ngamia, ni sharti ijulikane kwa hakika ni ugonjwa gani unaomsumbua mgonjwa wao. Si kila doa jeupe ni la konea. Mtoto wa jicho hutokea nyuma ya mboni, kwenye lenzi, na upasuaji wake ni wa kawaida katika hospitali za Kenya. Hauhitaji konea ya mtu mwingine wala pasipoti. Kwa upande mwingine, aliyepofuka kwa sababu ya presha ya jicho au kuharibika kwa neva ya macho hatafaidika na konea mpya, hata akipelekwa wapi. Hakuna hospitali popote duniani inayobadilisha jicho zima na kumrudishia mtu uwezo wa kuona, ijapokuwa uvumi wa namna hiyo husikika mara kwa mara. Uchunguzi wa daktari bingwa, pamoja na picha ya ultrasaundi pale ambapo sehemu ya nyuma ya jicho haionekani, ndio unaoamua kama safari ina maana. Mtu akiona mwanga na kujua unatoka upande gani, matumaini yapo.

Tiba yenyewe si ngeni. Daktari Eduard Zirm aliifanikisha kwa mara ya kwanza kwa binadamu mnamo Desemba 1905 katika mji wa Olomouc, ambao sasa uko Jamhuri ya Cheki. Katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa alionyesha kwamba konea za maiti zinafaa, na mwaka 1944 benki ya macho ya kwanza ikafunguliwa New York. Kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, mwili huikubali kwa urahisi zaidi kuliko figo au ini. Mgonjwa wa keratokonasi ana nafasi kubwa ya kufaulu. Zaidi ya tisa kati ya kumi huendelea kuwa na konea angavu katika miaka ya mwanzo. Mwenye makovu ya vikope yaliyoota mishipa ya damu, na ambaye kope zake zimepinda na kukwaruza jicho, ana nafasi ndogo zaidi, na kope hizo lazima zirekebishwe kwanza.

Tatizo ni uhaba. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakisubiri konea, na kwamba kulikuwa na konea moja kwa kila wahitaji 70. Upasuaji wenyewe unafanyika Kenya, mathalani katika Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi. Ila konea nyingi zinazotumika huletwa kwa ndege kutoka nje, hasa Marekani, zikiwa ndani ya kimiminika baridi kinachozihifadhi kwa muda usiozidi wiki mbili. Kwa hiyo swali la familia ya Habaswein si ujuzi wa madaktari pekee. Ni ama konea imfuate mgonjwa Nairobi, ama mgonjwa aifuate ng'ambo, na mara nyingi hilo la kwanza huwa jepesi. Inashangaza kwamba watu wengi huulizia bei ya India kabla ya kuulizia foleni ya Loresho.

Sheria haizuii Wakenya kutoa macho yao baada ya kufa. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kutoa mwili wake au sehemu yake kwa ajili ya tiba. Kinachokosekana ni desturi. Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho mwaka 2003 na hupata konea kutoka kwa raia wake. Sri Lanka, kupitia chama kilichoanzishwa na Daktari Hudson Silva mwaka 1961, imekuwa ikizitoa bure kwa nchi nyingi, zikiwemo za Kiislamu.

Suala la dini huulizwa sana kaskazini mashariki, na ni haki liulizwe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, liliamua katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988 kwamba inajuzu kupandikiza kiungo cha maiti kwa anayekihitaji, mradi marehemu aliridhia uhai wake au warithi wake wameridhia. Kuuza kiungo kulikataliwa. Wako wanazuoni wenye rai tofauti, na mgonjwa atapenda kumsikiliza sheikh anayemwamini. Lakini ni vyema aelezwe kwamba hili si jambo lililoachwa bila kuzungumzwa.

Wanaoamua kusafiri wengi huelekea India, ambako kuna taasisi kongwe kama Aravind ya Madurai iliyoanzishwa 1976, Sankara Nethralaya ya Chennai na L V Prasad ya Hyderabad, yenye benki yake ya macho. Safari huanza na pasipoti, na pasipoti huanza na kitambulisho. Kwa miongo mingi wakazi wa kaunti za mpakani walipitishwa katika mchujo wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, na wagonjwa walichelewa kwa sababu ya karatasi tu. Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa mchujo huo akiwa Wajir mwezi Februari 2025. Baada ya hapo huhitajika barua ya hospitali inayompokea mgonjwa, viza ya matibabu, ambayo huruhusu pia jamaa wa kumsindikiza, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano iliyochanjwa angalau siku kumi kabla ya safari.

Kuhusu gharama, bima haitegemewi sana hapa. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hugharamia matibabu ya nje kwa huduma zisizopatikana nchini, na upandikizaji wa konea unapatikana. Mzigo hurudi kwa ukoo na mchango wa harambee. Hapo ndipo mawakala hujitokeza. Wapo waaminifu, na wapo wanaolipwa na hospitali kwa kila kichwa wanachopeleka bila ya mgonjwa kujua. Familia na iombe makadirio yaliyoandikwa na hospitali yenyewe, ijue konea itatoka benki gani, na ikimbie mara moja mtu anayedai kuuza jicho.

Lakini gharama isiyohesabiwa katika vikao vya mchango ni ile inayokuja baada ya kurudi. Konea hushonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo hutolewa kidogo kidogo katika kipindi cha mwaka mmoja au zaidi. Uoni hauji siku bandeji inapofunguliwa. Huenda ukachukua miezi kutulia, tena kwa msaada wa miwani. Matone ya steroidi hutiwa kwa miezi mingi, pengine miaka, nayo huweza kupandisha presha ya jicho, hivyo presha hiyo ni lazima ipimwe mara kwa mara. Aliyebadilishiwa tabaka la ndani pekee huwekewa kiputo cha hewa jichoni, na hapaswi kupanda ndege hadi daktari athibitishe kimeisha, kwani hutanuka angani. Anayekata tikiti ya kurudi kabla hajajua atafanyiwa upasuaji wa aina gani anaweza kujikuta akiibadilisha kwa hasara.

Mwili unaweza kuikataa konea hata baada ya miaka kadhaa. Dalili ni nne: wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga na uoni kupungua. Dalili hizo zikionekana, kila siku ina uzito, na tiba ikiwahi konea huokolewa mara nyingi. Daktari aliyepasua yuko Hyderabad; mgonjwa yuko Habaswein, takriban kilomita 100 kutoka Wajir mjini na mamia ya kilomita kutoka Nairobi, na mvua huweza kukata barabara. Kwa hiyo mipango ya ufuatiliaji yapasa kufanywa kabla ya kuondoka: apatikane daktari bingwa wa Nairobi au Garissa atakayekubali kumpokea mgonjwa, ijulikane ni dawa zipi zinahitaji jokofu na jokofu lenye umeme wa kutegemewa liko wapi, na arudi na nakala ya taarifa ya upasuaji, aina ya konea aliyowekewa na ratiba ya kutolewa nyuzi. Matone ya akiba ya mwezi mmoja yakae nyumbani daima. Miwani ya jua nayo ivaliwe kila atokapo, pamoja na kitambaa cha kukinga uso siku za upepo.