Kabla ya Vifuniko, Kulikuwa na Mbao

Ukitaja jina la El Anatsui leo, wanaomfahamu watakuonyesha picha za yale mapazia makubwa yanayometameta, yaliyoungwa kwa waya kutokana na maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe. Ndiyo yaliyompa jina duniani, na mwaka 2015 maonyesho ya Venice yakamtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Lakini vifuniko alianza kuvishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa ameshapita miaka hamsini. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, huyu alikuwa mtu wa mbao. Na nyingi hazikuwa mbao mpya za dukani.

Anatsui alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, Ghana, nchi ikiwa bado koloni la Mwingereza. Alisomea uchongaji Kumasi katika miaka ya 1960. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, ila masomo ya sanaa yalikuwa bado yanaangalia Ulaya. Yeye akatoka darasani kwenda kuwatazama mafundi wanaopiga chapa za adinkra kwenye vitambaa. Moja ya alama hizo ni sankofa: rudi ukakichukue ulichokiacha. Sisi tuna letu la kusema hapo, usiache mbachao kwa msala upitao.

Alipoajiriwa kufundisha Winneba, hakuagiza malighafi kutoka mbali. Alienda sokoni. Akachukua zile sinia za mbao ambazo wachuuzi hupangia bidhaa, watu wa Pwani wangeziita vyano, akazichoma alama kwa chuma cha moto. Hebu fikiria: chombo cha kuuzia chakula kinatundikwa ukutani na watu wanakisimamia kukitazama. Swali alilolileta ni rahisi lakini linauma. Ni nani aliyetuambia kwamba sanaa iko kwenye marumaru, na kwenye chano haipo?

Mwaka 1975 alihamia Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, mji uliokuwa umejeruhiwa na vita vya Biafra miaka michache tu iliyotangulia. Huko kina Uche Okeke walikuwa wanafufua uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo walichora miilini na kutani. Hapo mtu hakushangaa kumwona mwalimu akiokota vitu vilivyochakaa. Miongoni mwa alivyovitumia baadaye ni vinu vikuukuu. Na kinu, msomaji, hakihitaji kuelezwa kwetu. Ukikiona kimelika ndani unajua kuna mikono iliyotwanga pale kila siku, pengine ya mama, kisha ya binti. Anatsui hakuyafuta makovu hayo. Aliyaacha yaseme.

Halafu ukaja msumeno wa injini. Alianza kuutumia mwaka 1980 akiwa msanii mgeni huko Massachusetts, Marekani. Patasi hubembeleza mbao, msumeno huu hurarua. Wengine wangeona ni njia ya kumaliza kazi haraka, lakini yeye aliona historia. Mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin mwaka 1884 na 1885 yaliligawa bara hivyo hivyo, kwa mistari iliyonyooka isiyojali ukoo wala lugha. Kwa hiyo Anatsui alipanga vipande vya mbao bega kwa bega, akapitisha msumeno juu yake, akaunguza kwa moto, na majeraha yakawa mchoro. Vipande vyenyewe havikugandishwa. Mwenye kuvitundika anaweza kuvipanga upya. Kilichokatwa kimekatwa, lakini mpangilio haujafungwa.

Kazi inayonigusa zaidi ni ya mwaka 1996, aliyoitengeneza Denmark. Akua's Surviving Children, yaani watoto wa Akua walionusurika, imeundwa kwa mbao zilizotupwa ufuoni na bahari. Akua ni jina la Kiakan la msichana aliyezaliwa Jumatano. Sasa unganisha. Wadenmaki walikuwa na ngome ya Christiansborg, pale Osu, Accra, na meli zao zilisafirisha watumwa hadi visiwa vyao vya Karibi. Walitunga sheria ya kuikomesha biashara hiyo mwaka 1792, ikaanza kutumika mwaka 1803. Karibu karne mbili baadaye, Mghana anafika ufuo wa Denmark, anaokota mbao zilizopigwa na chumvi, anazipa vichwa na kuzisimamisha pamoja kama watu waliotoka majini. Mbao hizo hazikuhitaji kuchongwa sana, kwa kuwa bahari ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mbao zilikuwa mazoezi tu kabla ya vifuniko. Hata pombe ile ina safari yake, kwa sababu ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na watu katika biashara hiyo hiyo. Kuokota kitu kilichopita mikononi mwa watu, kukiacha na alama zake, kisha kumwachia mwingine nafasi ya kukipanga upya, yote hayo Anatsui alijifunza kwenye vyano na vinu.

Na huku kwetu, kinu kikipasuka kinaenda jikoni kuwa kuni. Pengine kabla ya kukitia motoni tungekigeuza kwanza, tukaangalia ndani.